Mizunguko Mia Saba

Jumatatu, 15 Aprili

Kipande cha tatu cha koili leo. Mizunguko mia saba, karatasi, nta, basi. Kimebaki kimoja. Vidole vinauma. Mvua haijakatika tangu asubuhi na kuku wote wamehamia karakana. Yule mwekundu wa shingo tupu nimemshusha mezani mara mbili. Ana kiburi kuliko mwenyekiti wa kitongoji.

Niandike kwa nini najitesa. Amplifaya ya kigango cha kule ng'ambo ya Endulen aliiunda Baba kabla sijaolewa. Valvu mbili kubwa za kioo, boksi la mninga, spika mbili za honi juu ya paa. Kwa honi hizo wanatangaza ibada, kliniki ya watoto, chanjo ya ng'ombe, mbuzi aliyepotea. Mwezi wa pili inveta ya sola iliharibika, ikaunguza transfoma ya kutolea sauti, ile inayopokea kutoka kwenye valvu na kupeleka kwenye honi. Baba angeisokota upya kwa wiki moja. Lakini Baba sasa haoni kabisa. Presha ya macho ilimaliza jicho la pili mwaka jana.

Kwa hiyo ni mimi. Halmashauri ya kigango imenipa mpaka Mei Mosi, sikukuu ya somo wao, Yosefu Mfanyakazi. Nikishindwa, kazi ya Baba inatupwa stoo na wananunua mpya. Wananunua wapi? Kwa Margwe. Margwe ni mdogo wangu, tumbo moja. Ana duka la spika karibu na stendi na kila boksi limeandikwa wati elfu tano. Elfu tano! Washa pasi ya umeme kwanza ndiyo uniambie wati ni nini.

Ni yeye aliyeniletea waya na karatasi kutoka Arusha. Sijui kwa nini nilikubali.

Jumanne, 16 Aprili

Kipande cha nne kimeisha, bila shukrani kwa mtu yeyote.

Mashine yangu ya kusokotea ni keekee ya mkono iliyofungwa kwenye ubao. Nahesabu mpaka mia, nadondosha punje moja ya mahindi kwenye kifuniko cha kopo, naanza tena. Punje saba, nakata waya. Baba alifanya hivyohivyo miaka yote, ila yeye alitumia ngwara, yale maharage meusi. Ngwara zake nilizipanda mwezi uliopita, kopo zima. Punje ni punje.

Katikati ya kazi Margwe akasimama mlangoni na mwavuli wake. Eti wazee wa kigango wamempigia kuuliza kama ana amplifaya ya kutosha eneo lao. Eti aliona vizuri nijue. Nilitoka nje kwenye mvua nikamwambia alichostahili. Nilimwambia kwa sauti, na majirani wakasikia, na sijali. "Dada, mimi nauza tu," akasema. "Mtu akiuliza bei nimwambie nini?"

Niliporudi nikatazama kifuniko. Punje nne. Nilidhani nimefika mbali zaidi, lakini hasira hufanya kazi ionekane ndefu. Nikasokota mia tatu zilizobaki, nikafunga.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepanga chuma. Vibati vyembamba, kimoja kinatazama huku, kingine kule, mpaka tundu la katikati ya koili lijae lote. Vya mwisho vimegoma kuingia. Nimevigonga kwa kibao cha mti mpaka jasho likanitoka. Karatasi ya Margwe ni nene. Nilijua tu.

Mita inaonyesha upande wa valvu ya pili una ukinzani mkubwa kuliko wa kwanza. Ni kawaida, waya wa nje huzunguka njia ndefu zaidi. Umezidi kidogo nilivyotarajia. Kawaida.

Nimeiwasha kwa sauti ndogo, nikaunganisha na redio. Tamu! Tamu kweli. Transfoma ya zamani ilikuwa na besi nzuri lakini ilimeza herufi. Ukisema "shishi" honi inasema "hihi". Ni kwa sababu Baba aliweka waya wote wa kuingilia chini na wote wa kutolea juu, na sauti nyembamba zinapotea njiani kati ya hizo mbili. Mimi nimeugawa vipande. Kipande cha kuingilia, kipande cha kutolea, kuingilia, kutolea, mpaka juu. Kazi mara tano. Lakini "s" zote zimerudi nyumbani.

Nilipomweleza Baba nilichobadilisha alisema, "Haya. Wewe ndiye mwenye macho." Sikupenda alivyosema. Nilitaka anisifu, na huo ndio ukweli.

Jumapili, 21 Aprili
Endulen

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana nimekaa geti la hifadhi muda mrefu nyuma ya magari ya watalii, kisha ukungu kule juu ukingoni mwa kreta, kisha matope. Landrova imekwama mara mbili. Transfoma nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Leo baada ya ibada Katekista Saitoti akasimama kutoa matangazo. Ni mtu mpole, yeye ndiye aliyewabembeleza wazee wanipe muda. Alianza taratibu, ikawa sawa. Kisha akaniomba niongeze, ifike maboma ya ng'ambo ya korongo. Nikaongeza.

Sauti ikachanika. Sina neno lingine. Katekista akifungua mdomo, honi inakoroma na kukwaruza pamoja. Aliposema chanjo ya ng'ombe ni Alhamisi hakuna aliyeelewa siku. Mbwa wakabweka. Vijana wakaanza kumwigiza. Bibi mmoja, Koko Nolari, anayekaa nyuma kabisa kila Jumapili kwa sababu hapendi kubanwa, alijifunika masikio na shuka akatoka nje.

Nikapunguza. Ikawa tamu tena. Lakini amplifaya ya kunong'ona ni ya nini? Mtu anaweza kunong'ona bila umeme.

Mwenyekiti wa halmashauri hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Fundi, mpe pole mzee. Hii imechoka kama yeye." Kisha akasema kuna mtu mjini amewaahidi nzuri. Sikuuliza ni nani.

Katekista alinisaidia kufungua skrubu. "Yeyo," akaniambia, yaani mama kwa Kimaasai, "siku kumi ni nyingi." Nimeichomoa transfoma na valvu, narudi nazo Karatu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Margwe.

Nimeshuka stendi nikaenda dukani kwake moja kwa moja, na matope magotini. Kulikuwa na wateja watatu. Nikamwambia mbele yao kwamba waya alioniletea ni feki, aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na kwamba alijua, na kwamba aliniletea ili nishindwe auze maboksi yake. Nikamwambia anataka kumzika Baba akiwa hai.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Dada, umeukwangua?"

Nilikuwa na mengine ya kusema na nikayasema yote. Mengine yalikuwa ya tangu tukiwa wadogo. Wateja walitoka mmoja mmoja. Mwishowe Margwe akateremsha shata la duka saa tano asubuhi, akaondoka kwa miguu.

Nyumbani Baba alikuwa amekaa barazani ananisubiri. "Imeimba?" akauliza.

Nikasema, "Imeimba."

Akala ugali wote, na mlenda, na akaomba maziwa. Wiki nzima alikuwa anabakiza. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeukwangua waya. Wembe, kisha sandpepa, kisha nikaukata na kuangalia ncha. Shaba. Nyekundu mpaka katikati. Nimekata sehemu nyingine, na nyingine. Shaba tupu, shaba nzuri, nzuri kuliko ile ambayo Baba alikuwa akitumia.

Nina hasira zaidi ya jana na sina pa kuiweka.

Jumatano, 24 Aprili

Nimezibadilisha valvu nafasi, ya kulia kushoto. Nimeiunganisha yote mezani kwenye mbao, na honi ya zamani nikaielekeza shambani. Sauti ndogo, tamu. Sauti kubwa, inachanika. Jirani amekuja kuuliza kama kuna mnyama amekwama.

Labda ni vipande vyangu. Labda Baba alikuwa sahihi na mimi ni mjuaji. Nimeweka uwazi mbaya kati ya tabaka? Nimegeuza mwisho wa waya? Nimefuata kila ncha kwa mita. Zote ziko zinapopaswa kuwa.

Margwe hajafungua duka. Shemeji amenitumia ujumbe: "Dada umefanya nini?" Sijajibu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikuingia karakana. Nimepalilia ngwara. Zimeota vizuri sana, na hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa natoa maji kisimani. Niliporudi mlango wa karakana ulikuwa wazi na Baba yuko ndani. Amekuja peke yake akipapasa ukuta. Amekaa kwenye kigoda changu. Transfoma iko mapajani mwake.

Nilisimama na ndoo. Iliyoimba Endulen ingekuwa inafanya nini Karatu? Alijua. Huenda alijua tangu Jumatatu, kwa sauti yangu. Hakusema lolote juu ya uongo wangu. Alisema, "Toa chuma."

Nikatoa vibati vyote. Nikampa koili peke yake. Ameigeuza na kuigeuza. Alipitisha kidole gumba pembeni, pale kingo za tabaka zinapoonekana, kutoka ndani kuja nje, polepole, kama mtu anayesoma. Akarudia. Kisha akashika tabaka la juu kabisa kwa kucha.

"Hili limenenepa."

Nikasema ni karatasi. Akasema karatasi ni ileile kila mahali, hili lina waya mwingi. Nikasema haiwezekani, nimehesabu.

"Ulihesabia nini?"

"Mahindi."

Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya mparachichi. Baba akageuza uso kuelekea waliko. "Na hawa wanaingia humu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka punje kwenye kifuniko, na mlango niliouacha wazi.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongoni. "Vero, wewe unadhani ngwara nilizichagua kwa uzuri wake? Kuku hali ngwara mbichi. Tangu mama yako aanze kufuga nilijifunza. Transfoma mbili ziliharibika kabla sijajua."

Nimefungua kipande cha nne mzunguko kwa mzunguko, yeye akihesabu nami kwa sauti. Mia tisa. Mia tisa, badala ya mia saba! Nilipotoka kumtukana Margwe kwenye mvua kulikuwa na punje sita kwenye kifuniko. Kuku akala mbili. Nikarudi nikakuta nne, nikaongeza tatu.

Na kila kitu kiliniambia. Vibati viligoma. Mita ilizidi. Mimi mwenyewe nilihisi nimefika mbali. Nikakataa kusikia kwa sababu nilishakuwa na mtu wa kumlaumu.

Baba alinieleza kama alivyonieleza nikiwa mdogo. Valvu mbili ni watu wawili wanaopasua gogo kwa msumeno. Huyu anavuta, yule anavuta. Mmoja akiwa na mkono mrefu, ukienda polepole msumeno bado unakata. Ukiongeza mwendo unapinda na kuchana mbao. Chuma nacho kinashiba upande mmoja, hakina pa kuiweka sauti. Akasema vipande vyangu ni vizuri. Akasema angevifanya hivyo yeye mwenyewe kama angekuwa na subira. Nilisubiri sifa hiyo siku kumi na leo sikuweza kuifurahia.

Kisha, akiwa mlangoni: "Mama yenu hakuzaa mwizi. Nenda kwa mdogo wako."

Jumapili, 28 Aprili

Nimeazima kikombe cha ngwara kwa jirani. Nyeusi, na ule mstari mweupe, ngumu kama kokoto.

Kipande cha nne upya. Mimi nazungusha keekee, Baba ameshika ngwara mkononi. Kila mia nasema "mia", anaachia moja kwenye kopo la bati, na tunaisikia wote wawili. Saba. Nikakata.

Safari hii nimepima kama mtu mwenye akili. Nimepeleka umeme mdogo upande wa kutolea, nikasoma pande zote mbili za kuingilia. Sawasawa. Vibati vimeingia vyote bila kugongwa. Honi shambani, sauti kubwa mpaka mwisho, na mtangazaji wa redio akasoma habari kama amekaa nasi mezani.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

Mlango wa karakana sasa una wavu. Aibu bado inanichoma. Hasira yote niliyommwagia Margwe imenirudia, na haki yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemkamata yule mwekundu, nikamfunga miguu, nikamweka kwapani, nikapita naye katikati ya mji mpaka dukani. Duka lilikuwa wazi. Kulikuwa na wateja wawili. Niliwaomba wasiondoke. Nilichomtukania mbele ya watu sikutaka kukiombea radhi chumbani.

Nikasema waya ni shaba, safi. Nikasema karatasi haina kosa. Nikasema nilikosea hesabu kwa sababu niliacha kazi mezani ili nikamtukane, na kuku akala punje. Nikasema nilimwonea. Neno hilo nililirudia mpaka likatoka zima.

Margwe alimtazama kuku muda mrefu. "Huyu ndiye shahidi?"

"Ndiye mshtakiwa. Ni wako. Mchinje."

Mteja mmoja akacheka. Margwe hakucheka. Alikuwa na uso ule wa utotoni, wa kuzuia machozi kwa kukaza kidevu. Akasema lile neno la kuzika limemuuma sana. La Baba. Nikasema najua. Akasema alinichagulia waya ule katika maduka matatu. Nikasema hilo sikulijua. Kuku akanya kwenye kaunta ya kioo.

Hapo akacheka.

Atatupeleka na gari yake. Nilimuuliza na yale maboksi aliyowaahidi wazee? "Waliuliza kama ninayo. Nikasema ninayo. Sikusema nitawauzia dada yangu akiwa hai."

Jumatano, 1 Mei
Endulen

Baba amekuja. Alikataa kubaki. Kule ukingoni aliteremsha kioo akanusa ukungu, akasema bado uleule.

Nilifunga transfoma kabla ya misa, Katekista ameshika tochi, Margwe ameshika skrubu na hakutoa ushauri wowote. Padri alikuwa amekuja, na wazee wa halmashauri wote, na watu kutoka maboma ya mbali, mashuka mekundu mpaka nje ya ua. Mwenyekiti alinisalimia kwa heshima baridi. Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikaza skrubu.

Baba hakutaka kiti cha mbele. Aliomba apelekwe mbali, ng'ambo ya korongo. Margwe akamshika mkono wakaenda taratibu, nikawaona wanakaa kwenye jiwe. Koko Nolari alikuwa amekwisha kukaa huko. Tangu siku ile hakutaka kusogea.

Katekista akasimama. Akaniangalia. Nikaongeza mpaka mwisho, yote, pale ilipochanika.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Kila herufi. Ilitoka, ikavuka korongo, ikagonga kilima na kurudi, na hata iliporudi ilikuwa bado neno. Akatangaza kliniki ya watoto. Akatangaza mbuzi wawili waliopotea, na rangi zao, na mwenye mbuzi akainua fimbo kutoka ng'ambo kuonyesha amesikia. Kisha kwaya ikaanza na nikaacha kuangalia kwa sababu sikuona vizuri.

Baada ya misa Koko Nolari alivuka korongo na mkongojo wake, akasema kitu kwa Kimaasai huku ananinyooshea kidole. Nilidhani ananigombeza. Katekista akatafsiri akicheka, maana kijana mwenyewe ni yeye: "Anasema leo huyu kijana anaongea kama mtu aliyelelewa na mama yake."

Mwenyekiti alisikia. Akasema basi, ya mzee ibaki. Alisema kama anayenipa zawadi. Nilimwacha aamini hivyo.

Alhamisi, 2 Mei

Nyumbani. Mvua imekatika. Margwe amepita asubuhi kuleta yai moja. Hakumchinja yule kuku. Anasema amejifanyia kiota ndani ya boksi la wati elfu tano na hakuna mteja anayethubutu kumtoa.

Nimerudisha kopo la ngwara kwenye rafu ya Baba, mkono wake wa kulia, pale lilipokuwa siku zote.

Jioni nilimtengea chakula barazani. Alinawa, akapapasa sahani, akatulia. Jana alikuwa kwenye jiwe lile na alisikia kila kitu kwa masikio yake. Hata hivyo aliniuliza.

"Imeimba?"

"Imeimba, Baba."

Akaanza kula.